Kuku Tisa na Bweha Mmoja

Kuku wa kwanza nilimla mimi. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwizi kama tulivyohangaika sisi kwa miezi mitatu, na tochi mbili, mbwa wa kuazima, na shimo ambalo nusura limvunje kiuno balozi wetu wa nyumba kumi.

Kisa cha kwanza: Jogoo

Mambo yalianzia ofisi ya walimu, wiki ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Mimi ni mtu wa Simba tangu shule ya msingi, na katika hali hiyo ya imani nilitamka neno ambalo mtu mwenye familia hatakiwi kulitamka mbele ya mashahidi: "Wakifungwa, natoa jogoo." Wakafungwa. Jumatatu hakuna mwalimu aliyenitania. Waliniuliza tu kama waje na mkaa au nitaleta kila kitu mwenyewe.

Kesho yake alfajiri nikaingia bandani. Alikuwa jogoo mwekundu, kilemba kimelalia jicho la kushoto. Nikamfunga miguu, nikamtia kwenye kiroba. Jioni nilirudi na harufu ya moshi kwenye shati, nikamkuta Mama Watoto mlangoni mwa banda, daftari mkononi. Kuku ni mali yake. Haki yangu kwao ni kuwafungulia asubuhi, basi. Na daftari lile ni leja hasa: kila kuku ana mstari wake, rangi yake, siku aliyoanza kutaga, siku aliyougua. Walikuwa 27.

"Baba Watoto, yule jogoo mwekundu simwoni."

Nafundisha historia. Nimezoea kueleza kwa sauti ya uhakika mambo ambayo sikuyaona yakitokea. "Atakuwa bweha," nikasema.

Hata leo najiuliza kwa nini ulimi wangu ulimkimbilia yeye. Ningesema fisi, ningeulizwa mbona banda halijavunjwa. Ningesema chui, mtaa mzima ungetoka na mapanga. Viboko wa Ziwa Babati kweli hupanda mashambani usiku, lakini kiboko na jogoo wapi na wapi. Kibaka angetaka twende polisi. Bweha alifaa kuliko wote. Nyumba yetu ipo pembeni kabisa mwa mji wa Babati, pale mabati yanapokwisha na mbaazi zinapoanza, na Mlima Kwaraa umetusimamia kama mkaguzi. Bweha ni mdogo kiasi cha kupenya popote, anasifika kwa ujanja, na kubwa zaidi, hana ndugu mtaani wa kumtetea.

Kisa cha pili: Bweha gani?

Mke wangu si mtu wa kupokea nomino bila kivumishi. "Bweha gani?" aliuliza tukiwa mezani.

Lilikuwa swali la haki, na mwenye hatia hana ngao nzuri kama elimu. Nikaanza kufundisha. Nikasema nchini kwetu yupo bweha miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha nyeupe ya mkia, mpenda misitu na vichaka vyenye unyevu. Yupo bweha mgongo mweusi, ubavu wake wa rangi ya udongo mwekundu, mgongoni kama ametandikwa blanketi jeusi lililonyunyiziwa chumvi. Huyo ndiye wa nyika kavu, za kuelekea Tarangire. Yupo pia bweha masikio, ambaye licha ya jina ni wa ukoo mwingine, na chakula chake kikubwa ni mchwa. Na yupo yule wa Serengeti mwenye rangi ya dhahabu, aliyehesabiwa kuwa sawa na bweha wa Asia miaka nenda rudi, mpaka mwaka 2015 wanasayansi walipochapisha matokeo ya vinasaba vyake. Wakakuta si ndugu wa yule wa Asia kama walivyodhani. Yu karibu zaidi na mbwa mwitu wa nchi za baridi, wale wakubwa wa kijivu.

"Kumbe alikuwa anaitwa bweha bure," alisema mwanangu wa kwanza.

Sentensi ile ningeisikiliza vizuri, kisa hiki kingeishia hapo.

Usiku watoto walitaka kujua mgongo wa bweha uliunguzwa na nini. Katika hadithi za kwetu kiti cha mjanja amekalia sungura, na bweha hupewa nafasi ya kupita tu. Lakini kusini mwa Afrika, kwa Wakhoikhoi, kiti hicho ni cha bweha. Mtaalamu wa lugha, Wilhelm Bleek, alichapisha hadithi zao mwaka 1864, na mojawapo niliijua. Nikawasimulia: siku moja jua lilikuwa duniani, limekaa kando ya njia. Watu wakalipita bila kuligeukia. Akaja bweha nyuma yao, akaliona zuri kama mtoto aliyesahauliwa, akalibeba mgongoni. Lilipoanza kumchoma akaliambia shuka. Halikushuka. Akajitikisa, akajipukuta, lilikuwa limemganda. Mgongo ukaungua, na weusi ule anao mpaka leo.

"Kwa hiyo watu wote walipita, yeye ndiye aliyelibeba?" aliuliza mdogo.

"Ndiyo."

"Halafu ndiye akaungua?"

Nikamwambia alale. Mama yangu, aliyekuwa kwenye mkeka akimenya mbaazi mbichi, hakusema kitu. Mama ni mtu wa Kondoa. Akinyamaza, ujue ameweka akiba.

Kisa cha tatu: Uongo wapata miguu minne

Siku tisa baadaye, akapotea tetea mweupe.

Mtu aliyezua bweha ndiye pekee anayejua kwamba bweha hayupo. Nilisimama mbele ya banda nikiwa nimeshika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nilikuwa naona jambo lisiloelezeka wakati mke wangu analiona la kawaida. "Bweha wako huyo," alisema, akapiga mstari daftarini. Wiki iliyofuata wakaenda wawili. Siku kadhaa baadaye, mmoja. Sikuweza kusema kwamba haiwezekani bila kueleza ninavyojua kwamba haiwezekani.

Kisha, usiku mmoja wa mbalamwezi, tukamsikia. Mlio mwembamba ulipanda kutoka upande wa mbaazi, ukakatika vipande vipande, na kabla haujatua ukajibiwa na mwingine kutoka karibu na korongo. Ngozi ilinisisimka. Watoto walijifunika shuka. Nami, Mungu anisamehe, nilipata faraja kubwa: nilikuwa nimesema kweli kumbe, ila niliwahi kidogo.

Tangu usiku ule niliamini. Nilisahau jogoo, nilisahau mkaa na kachumbari. Nilimchukia bweha kwa moyo safi kabisa, kama mtu aliyeibiwa.

Ulinzi tuligawana mimi na shemeji. Huyu ni mdogo wake Mama Watoto, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili mwaka juzi. Nilimweleza, tukiwa barazani na blanketi moja, kwamba bweha dume na jike huishi pamoja miaka mingi, na watoto wao wakubwa mara nyingi hawaondoki mara moja. Hubaki nyumbani mwaka mzima wakisaidia kulea wadogo zao. Mtafiti Patricia Moehlman aliwafuatilia Serengeti miaka ya 1970, akaonyesha kwamba kadiri wasaidizi wanavyoongezeka ndivyo watoto wengi zaidi wanavyopona. Msaidizi huenda kuwinda, hurudi na nyama tumboni, huwatapikia wadogo wale.

"Safi sana," alisema shemeji, akaongeza ugali.

Nikamweleza pia kuhusu jina, maana usiku ni mrefu. Waajemi husema shaghal, Waturuki çakal, Wafaransa chacal, na Waingereza jackal: neno moja lililosafiri kutoka Bara Hindi na misafara. Waarabu wana lao, ibn awa, yaani mwana wa Awa. Sisi watu wa Kiswahili tumeazima kwa Waarabu kitabu, kalamu, hata sultani, lakini bweha hatukumwazima. Tulikuwa naye tangu zamani, na sikio langu kila nikilitamka jina lake husikia humo mbwa na kubweka.

"Shem, nenda kalale," alisema kwa huruma. "Kesho una vipindi. Mimi nitalinda."

Nilikwenda kulala nikimshukuru Mungu kwa shemeji wa namna ile. Asubuhi kuku mwingine hayupo.

Kisa cha nne: Vita

Kwanza nilifunga taa ya sola juu ya banda. Kuku wakadhani kumekucha. Waliwika na kutembea usiku kucha, kisha mchana wakasinzia. Mayai yakapungua. Niliizima.

Pili, nikaazima mbwa kwa jirani, fundi seremala. Mbwa anaitwa Simba, na fundi mwenyewe ni wa Yanga. Alimpa jina hilo ili apate raha ya kumfokea kila siku. Nilimwona mbwa wa kufaa, kwa sababu vitabuni bweha ni mtumishi wa simba. Kuna kitabu cha *Kalila na Dimna*, ambacho Ibn al-Muqaffa alikiandika kwa Kiarabu katika karne ya 8 kutokana na hadithi za Kihindi zilizopitia Uajemi. Kalila na Dimna ni bweha wawili wa barazani kwa simba mfalme. Dimna, kwa wivu, anamsengenya fahali kipenzi cha mfalme mpaka mfalme anamuua rafiki yake kwa makucha yake mwenyewe. Mbele ya Simba wetu hakuna aliyethubutu kusengenya mtu, kwa sababu alikuwa amelala. Alilala kwa bidii, akaamka kula, akamzoea kila mtu wa nyumbani, na hasa shemeji, aliyekuwa akimpa mifupa.

Muuza duka mmoja akanishauri sumu: weka kwenye kipande cha nyama, asubuhi unamkuta amenyooka. Nilifika nayo nyumbani. Mama akaitazama ile pakiti, akaniomba nikaitupe chooni mbele ya macho yake. "Sumu haichagui, mwanangu. Atakula mbwa wa fundi. Atakula paka. Wakifa, tai atawala wao, naye afe. Watoto wako wanacheza hapa."

Kisha akachukua fimbo yake. "Twende."

Tulikwenda mpaka mwisho wa mbaazi, karibu na kihenge changu cha mahindi. Pale njiani palikuwa na kinyesi kikavu, kimekaa juu ya jiwe dogo kama mhuri. Mama akakivunja kwa ncha ya fimbo. Ndani yake kulikuwa na manyoya ya panya, magamba ya mende wa shambani, mbegu za matunda ya porini. "Kuku yuko wapi hapo?" aliuliza.

"Hayupo."

"Huyu anakuja kwa panya wako. Miezi hii mahindi yako ndani, panya wamenenepa."

"Sasa kuku wanakwenda wapi, Mama?"

Mama alitazama mlima kwa muda mrefu, akageuka, akaanza kurudi nyumbani. Nilidhani ni busara ya uzee.

Basi nikachimba shimo, na hii ndiyo silaha ya tatu. Nilichimba kati ya banda na mbaazi, kina cha kifua, nikalifunika kwa mabua na majani makavu. Jumamosi saa moja jioni, nikiwa nakunywa chai, nikasikia kishindo na jina la Bwana likitajwa. Nilikimbia na panga. Ndani ya shimo, kofia bado kichwani, alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, aliyepita njia ya mkato kuja kukusanya mchango wa ulinzi wa mtaa.

"Shikamoo, mzee," nilisema, kwa kuwa sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Nitoe."

Nilimtoa. Akajipukuta, akanihutubia. Alisema kuwinda mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na bweha ni mnyama wa porini hata akiwa jikoni kwako. Balozi ni mzee wa kanisa vilevile, kwa hiyo akamalizia na Injili ya Luka. "Yesu alimwita Herode mbweha. Sasa naona jina lile lilikuwa na nafasi ya mtu wa pili."

Nilitaka kumweleza kwamba neno la Kigiriki pale ni la binamu wa bweha, yule mwekundu mwenye mkia mnene wa Ulaya na Asia, ambaye kwetu hayupo, ndiyo maana watafsiri wakamtwisha kazi hiyo mnyama tunayemjua. Nikaona si wakati wake. Alidai fidia ya tetea mmoja, nikampa. Mke wangu akaandika: *mmoja, balozi, shimo.* Ndiye kuku pekee wa miezi ile aliyeondoka nyumbani kwetu na maelezo kamili.

Kisa cha tano: Sindano

Saa nane usiku, wiki mbili baadaye, tuliamshwa na yowe. Nikatoka na tochi. Shemeji alikuwa amekaa chini kando ya banda, ameshika mguu, na damu inapita kati ya vidole.

"Bweha, shem! Bweha ameniuma!"

Kuna mambo ambayo nikiyajua nayajua. Bweha wa kawaida humkimbia mtu. Akimsogelea na kumuuma, jambo la kwanza kufikiria ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huenezwa zaidi na mbwa wa kufugwa, lakini bweha naye huupata na kuupitisha, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Dawa ipo kabla ya hapo tu. Nikamkokota shemeji mpaka bombani, nikammwagia maji, nikamsugulia kidonda kwa sabuni, na simu nimeiweka mbele ihesabu dakika 15 kamili kama inavyotakiwa. Alilia. Nami nilifundisha.

"Kukikucha tu, zahanati. Chanjo."

"Sindano moja?"

"Moja! Ni mfululizo, kwa tarehe. Na kidonda kama hiki, nyingine wanaweza kuichoma hapohapo kwenye jeraha."

Shemeji akameza mate. "Shem, nimesikia zinachomwa tumboni."

"Zamani," nilisema, nikaacha neno lile lielee kidogo kuliko ilivyostahili. "Zamani zilikuwa tumboni."

Kimya. Maji yanamwagika. Dakika ya tisa.

"Shem. Tuseme siyo bweha."

"Kwani ni nini?"

"Tuseme ni mbwa. Mbwa aliyechanjwa. Tuseme... Simba."

Nikamulika tochi. Simba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, macho yanawaka, mdomoni ameng'ang'ania kona ya kiroba. Usiku mmoja katika maisha yake aliamua kufanya kazi. Na kiroba kikasema: *kwe, kwe, kwe.*

Asubuhi tulikwenda zahanati vilevile. Muuguzi alisema jeraha la meno ni jeraha la meno. Fundi hakuiona kadi ya chanjo ya mbwa wake, basi shemeji akaanza sindano, begani, na Simba akafungwa kwa fundi aangaliwe siku kumi. Mbwa alikuwa mzima, na alipofunguliwa alirudi kulala.

Kisa cha sita: Baraza

Jioni ile Mama Watoto aliketi na daftari. Tulikuwa sote sebuleni. Shemeji amenyoosha mguu kwenye stuli.

"Ukimtoa wa balozi, wamepotea tisa," alisema. "Wangapi ni wako?"

"Watatu," alisema shemeji. "Niliwauza kwa jamaa wa chipsi. Mafuta ya bodaboda yalipanda, dada." Akanitazama. "Nilijua mtasema bweha. Shem alikuwa ameshasema."

"Watatu. Bado sita."

Mama akakohoa. "Wawili nawajua. Mmoja kalala amekatwa kichwa palepale bandani, mwili umeachwa. Ile ni kazi ya kicheche. Mwingine nyayo zake na manyoya yake niliyaona mpaka kwenye mbaazi. Huyo alichukuliwa na bweha kweli."

"Mmoja tu?" nilisema.

"Mmoja. Asubuhi ambayo mlango ulisahauliwa wazi. Hata ningekuwa mimi ningeingia."

"Bado wanne," alisema mke wangu.

Mama akavuta khanga yake. "Na mmoja ni wangu. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa anaumwa, hana mtu. Nikampelekea supu. Ningeomba, mngenipa, lakini ningeomba." Nikakumbuka alivyotazama mlima siku ile. Busara ya uzee ilikuwa na supu ndani yake.

"Bado watatu." Sauti ya Mama Watoto ilishuka kidogo. Akageuza ukurasa, akaugeuza tena. "Wawili niliwauza mimi. Hisa za kikoba. Mwezi ule baba yao alisema mshahara umechelewa." Akaandika mwenyewe, mkono imara. "Nilivyoona bweha anakula kwa kila mtu, nikasema na mimi anikopeshe."

"Sasa bado mmoja," alisema mwanangu wa kwanza, anayejua kutoa.

Macho manane yaligeuka, na ya mdogo yakawa kumi.

Katika hali ile nilifanya nilichozoea. Nilisema Wamisri wa kale waliona wanyama hawa wakizungukazunguka makaburini kandokando ya jangwa, wakifukua. Hawakuchimba mashimo. Walimfanya Anubi, mungu mwenye kichwa cha bweha, akawa mlinzi wa makaburi, mwangalizi wa kuhifadhi maiti, na kwenye hukumu ndiye anayesimamia mizani, moyo wa mtu upande mmoja, unyoya upande wa pili. Walimpaka rangi nyeusi, rangi ya udongo wa Nile wenye rutuba. Na kwa kuwa mnyama wa Misri ni yule wa dhahabu aliyepimwa vinasaba, yaelekea hata Anubi tulimwita bweha bure. Nikasema tena kuhusu gaidi Ilich Ramírez Sánchez wa Venezuela, aliyekamatwa Khartoum mwaka 1994, ambaye magazeti yalimwita Carlos Bweha kwa sababu riwaya ya Frederick Forsyth ya mwaka 1971, yenye jina la bweha, ilionekana kwenye nyumba alimoficha silaha, na kitabu chenyewe hakikuwa chake...

"Baba Watoto," alisema mke wangu taratibu. "Unyoya upande mmoja. Upande wa pili nani?"

"Jogoo mwekundu," nikasema. "Mechi ya watani."

Hakuna aliyecheka. Mama Watoto alichukua rula, akachora safu mpya kwenye ukurasa mzima, moja kwa kila mtu wa nyumba, na ya mwisho akaandika juu yake BWEHA. Ndani yake akaweka namba moja. Safu yangu pia ilikuwa na moja. Tulikuwa sawa, mimi na yeye, ila yeye alikuta mlango wazi.

Katika toleo la Kiarabu la kitabu kile, Dimna anashtakiwa, anafungwa na kuuawa. Mimi nilihukumiwa kufukia shimo peke yangu, na juu yake nikapanda mpapai.

Kisa cha mwisho

Msimu uliofuata Simba walifungwa tena, nami nilikuwa nimesema tena. Kuna magonjwa yasiyo na chanjo. Safari hii nilimwendea mwenye kuku, nikaomba. Akanikatalia bila kunyanyua kichwa. Nikaenda sokoni nikanunua jogoo kwa fedha zangu, nikarudi naye kwa miguu jioni, nimemkumbatia, kwa njia ya pembeni ya mbaazi.

Pale karibu na kihenge akatoka.

Miezi yote ile sikuwahi kumwona. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomchukia. Masikio yamesimama, miguu myembamba, na mgongoni weusi ule wenye chumvi, kutoka shingoni mpaka kwenye mkia, mpana kama mzigo. Mdomoni alikuwa na panya. Jogoo akajikunyata kwapani mwangu. Bweha akasimama kidogo, akatupima wote wawili, akaona hatuna faida, akaingia kwenye mbaazi na panya wake.

Nilikimbia nyumbani. Walikuwa mezani.

"Nimemwona!" nilisema, jogoo bado mkononi. "Hapo kwenye kihenge! Nimemwona bweha!"

Shemeji aliendelea kula. Mama alitazama mlima kupitia dirishani. Watoto walitazamana. Mama Watoto akavuta daftari lake, akafungua kofia ya kalamu.

"Bweha gani?"